Kuku wa Darini kwa Mama

Hakuna kitu kinachoweza kunishangaza mimi. Katika biashara ya kuku nimeona mtu akiuza kuku aliyekwisha kufa: amembana ndani ya koti, kidole kiko nyuma ya shingo, anamtikisa kichwa ili mnunuzi adhani anatazama huku na huku. Nimeona mama wa makamo, mcha Mungu kabisa, akimnywesha jogoo pombe ya mtama asubuhi ya mnada ili asimame kwa miguu yake mpaka apate mteja. Nimeona pumba iliyolowa ikishindiliwa kwenye koo la tetea mpaka akawa mzito kama jiwe la kusagia. Wote hao niliwashika. Wengine waliponiona nashuka kwenye gari walikuwa wanageuza njia.

Mimi shule niliiacha darasa la nne, au tuseme iliniacha. Wakati wa ruksa, watu walipoanza kuuza na kununua bila kuogopa, nilianza na tenga moja nyuma ya baiskeli ambayo hata haikuwa yangu. Nilizunguka Endasak, nikateremka Nangwa, nikanunua kuku mmoja mmoja milangoni mwa watu, nikawapeleka mnadani Katesh. Wenzangu tuliosoma nao, wale walioendelea, leo wananiomba lifti. Mkoa wetu ulipokatwa kutoka Arusha na watumishi wakaletwa Babati kutoka kila pembe ya nchi, mimi nilikuwa tayari nina pikapu. Mtumishi anataka nini Jumamosi? Kuku wa kienyeji. Anampata kwa nani? Kwangu. Na waliozidi nilikuwa nawafikisha Arusha mjini. Nyumba yangu ya bati iko pale Endasak, kila anayepita anaiona, na simu ya mkononi nilikuwa nayo wakati watu bado wanapanda kilimani kutafuta mtandao kwa simu za kuazima.

Lakini nitasema jambo ambalo wafanyabiashara wenzangu hawapendi kulisema. Kuku ni mnyama mchafu. Ukimwona amependeza kwenye sahani umeshadanganywa. Panda nyuma ya gari langu enzi zile, jua limewaka, matenga yamepangwa matatu kwenda juu. Wa juu anamnyea wa kati, wa kati anamnyea wa chini, na wa chini anafumba macho. Mvua ikinyesha njiani, ule uji wa kijivu unachuruzika mpaka kwenye namba ya gari. Manyoya yanaganda kwenye viatu. Vumbi la kinyesi kikavu linakuingia puani, ukipenga kamasi inatoka ya rangi usiyoitaka. Mimi kuku sili. Nimelisha mikoa miwili na mimi mwenyewe nakula maharage.

Miaka hiyo redio zikaanza kusema habari za mafua ya ndege. Zilisema huko mbali kuku wanakufa banda zima, na watu wachache waliowashika nao wamekufa. Hapa kwetu ugonjwa haujafika, walisema, lakini ndege wa porini hawajui mipaka. Basi siku moja ya mnada bwana mifugo akaja pale tunapopanga matenga. Alikuwa kijana wa Pwani, Mwislamu, mpole, shati jeupe lisilo na doa, na mimi nilimwangalia lile shati nikamhurumia. Akasimama juu ya kreti la soda akatangaza.

Alisema tusichanganye kuku wa vijiji tofauti kwenye tenga moja. Tuoshe matenga kwa dawa kila tukitoka mnadani. Kuku waliobaki mnadani wasirudishwe kwa wengine kabla ya kukaa peke yao na kutazamwa. Wafugaji wasilale nao chumba kimoja. Aliyekufa asiliwe, asipewe mbwa, achimbiwe shimo. Na bata wa porini wasiokotwe.

Muuza vitunguu mmoja, mdomo wake haujawahi kupumzika, akamdaka. "Bwana mifugo, tusilale na kuku. Wewe mwenzetu unalala na nani?"

Watu wakacheka mpaka kreti likatikisika.

"Nalala peke yangu, mama," akasema, "ndiyo maana sikohoi."

Nilikubali moyoni kwamba alijibu vizuri. Lakini nikamwambia mbele ya watu, maana pale mimi nilikuwa mkubwa wao: "Kijana, vitabu umesoma wewe, kuku nimesoma mimi. Hawa nimewabeba tangu hujazaliwa na sijapiga hata chafya."

"Shikamoo, mzee," akanijibu, akashuka kwenye kreti. Nikapiga chafya pale pale. Vumbi. Yule mama wa vitunguu alifurahi wiki nzima.

Sasa nimzungumzie mama yangu, maana habari hii ni yake.

Mama alikuwa anaishi Maretadu, kwenye nyumba aliyoolewa, ya miti na udongo, ambayo nilimwomba mara nyingi nimjengee nyingine akakataa. Nyumba ile ilikuwa ya zamani kwelikweli: upande mmoja ndama na mbuzi, upande mwingine moto na kitanda, na juu ya kitanda dari ya fito ambako mahindi yanawekwa. Kwenye dari ile, juu ya mahindi, ndiko kuku wake walikolala. Wanapanda jioni kwa kigogo kilichochongwa ngazi, wanapangana, na usiku kucha mavi yanapita kati ya fito yanaanguka. Mama alitandika gunia kuukuu juu ya blanketi. Asubuhi analikung'uta mlangoni, basi, amemaliza usafi.

Ukimwambia, anakujibu: "Ng'ombe walikuwa wa baba yako. Shamba lilikuwa la baba yako. Kuku ni wangu." Na ni kweli. Chumvi, sabuni, sadaka ya kanisani, vyote vilitoka kwa wale kuku, na shilingi yangu hakuitaka ila nimpe kwa nguvu. Mimi mtu mzima mwenye pikapu, mama yangu ananunua chumvi kwa yai. Iliniuma, lakini ndivyo alivyokuwa.

Kitu kingine ni hiki. Nikinunua kuku huko juu Mbulu na wengine wakakosa mteja mnadani, sikuwa nawapeleka nyumbani kwangu. Mke wangu alikuwa na kuku wa mayai kwenye banda la waya na hakutaka wageni. Nilikuwa nawashusha kwa mama. Wanalala darini na wa kwake, wanakula nao, mpaka nipite tena niwachukue. Mama hakulalamika. Alipenda kelele.

Kiangazi kimoja nikapokea habari kwa dereva wa lori la mahindi: "Tajiri, kwenu Maretadu kuku wanaanguka. Na mama yako anakohoa."

Niliendesha siku hiyo hiyo. Nilipofika niliona moshi mwingi kuliko wa nyumba moja, na watu wamekaa uwanjani kwa mama kama kwenye arusi. Niliposogea ndipo nikaona arusi yenyewe.

Akina mama wanne walikuwa wamezunguka sufuria kubwa la maji ya moto. Katikati yao lundo la kuku waliokufa, shingo zimejipinda kama nguo inayokamuliwa, midomo inatoka ute, nyuma wamechafuka kijani kibichi. Wanawachovya, wananyonyoa, manyoya yaliyolowa yamewaganda mikononi mpaka kwenye viwiko. Mmoja alikuwa anajikuna pua kwa mkono ule ule. Mbwa watatu walikuwa wanavutana utumbo. Na kitoto kimoja kinachotambaa kilikuwa kimeshika mguu wa kuku, mguu wenye kucha na kila kitu, kinautafuna kwa ufizi unaoanza kuota meno. Mama yake anakitazama anacheka.

Nilikwenda nyuma ya zizi nikatapika. Mimi, ambaye nimekaa na mavi ya kuku miaka ishirini.

Niliporudi nikamkuta mama yangu kwenye kigoda chake, kwenye mapaja amelaza ndege ambaye hakuwa kuku. Bata wa porini, mwenye rangi ya kahawia na mdomo bapa. Watoto walimkuta bwawani ng'ombe wanapokunywa, hawezi kuruka, wakamletea. Mama alikuwa anamnyonyoa kwa uangalifu mkubwa, huku anakohoa juu yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekuja na njaa?"

"Mama, tupeni hiyo nyama. Zimeni huo moto."

Jirani mmoja, mwanamke mzima aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo, akanitazama toka chini mpaka juu. "Tajiri wa manyoya amechukia. Wewe ukiuza kuku Arusha huwaulizi kama wanaumwa. Sisi wa kwetu wakiumwa ndio tusile?"

"Wamekufa, shangazi! Hawaumwi, wamekufa!"

"Na wewe hao unaouza wanaliwa wazima?"

Wakacheka wote, hata mama, na kicheko kikageuka kikohozi. Kilimkamata kikamkunja, bata akaanguka mavumbini, na mama alipoinua uso nikaona midomo yake imekuwa ya rangi ya majivu. Nilimshika paji la uso. Lilikuwa linawaka. Nikasahau nyama. Kitu kimoja tu kilikuwa kichwani mwangu: yale maneno ya redio, watu walioshika kuku nao wamekufa.

Nilimbeba mpaka kwenye gari. Alikuwa mwepesi, na alinuka manyoya yaliyochomwa. Na gari lenyewe ndilo lile lile, kiti changu kimejaa vumbi la kinyesi, nyuma matenga matupu yanagongana. Kila gari liliporuka, ukungu wa manyoya ulikuwa unaingia dirishani na mama anauvuta. Nikafunga dirisha, harufu ikazidi. Nikalifungua. Nililaani lile gari njia nzima, gari ambalo nilikuwa nalisifu kila kilabu.

Hospitali daktari akamsikiliza kifua, halafu akauliza swali moja: "Bibi alikuwa karibu na kuku waliokufa?"

"Alikuwa anawanyonyoa," nikasema. "Na bata wa porini."

Nesi akarudi nyuma hatua. Mtu aliyekuwa na mtoto wake kwenye benchi akahamia benchi lingine. Daktari hakupiga kelele, alifunga kitambaa mdomoni tu akaagiza chumba cha mwisho, cha peke yake. Mama akapelekwa huko, wakachukua makohozi yake, na simu ikapigwa kwa watu wa mifugo. Mimi nilikatazwa kuingia. Niliambiwa nivue nguo nioge, na zile nguo zikafungwa kwenye mfuko wa nailoni.

Nikakaa nje ya dirisha lake kwenye majani. Chakula alikuwa anapelekewa na nesi aliyejifunga kama mrina asali. Sahani inawekwa mlangoni, nesi anarudi nyuma, mama anaifuata mwenyewe. Mimi nilikuwa nikiona vile nalia kwa hasira. Nilisema, mama yangu anafanywa kama mbwa mwenye kichaa, na mimi nina hela, na hela haina la kufanya.

Yule bwana mifugo wa shati jeupe alifika Maretadu kuchukua kuku wa kupima, kisha akapita hospitali kumwona mama dirishani. Alimwamkia kwa adabu, akaanza kumweleza mambo ya vijidudu, jinsi vinavyotoka kwenye kinyesi, vinavyosafiri kwenye viatu, matenga, magari. Mama alisikiliza amejifunga blanketi. Kijana alipomaliza, mama akauliza:

"Kwa hiyo mmenitenga."

"Kwa muda tu, bibi. Mpaka tujue."

"Sichoti maji na watu. Sichangii moto na watu. Sahani yangu ni yangu."

"Ndiyo, bibi."

Mama akaitazama sahani yake. Mimi nilijua anafikiria nini, yule kijana wa Pwani hakujua. Kwetu zamani, kabla makanisa hayajajaa, nyumba ikipatwa na kifo cha namna fulani, au mimba ikiharibika, ilijitenga na wengine. Watu wake hawakuteka maji kisima cha watu, hawakuomba moto kwa jirani, na ng'ombe wao walichungwa njia yao peke yao, miezi. Hakuna aliyewatukana. Ulikuwa uchafu usioonekana kwa macho, na kila mtu alijua unapita kwa maji, kwa moto na kwa njia. Mama alikaa hivyo akiwa msichana, alipofiwa na mdogo wake.

"Mbona hamkusema hivyo tangu mwanzo?" akasema. "Mnakuja na mafua, mafua. Nani anaogopa mafua? Semeni kuku wamepatwa, wakae peke yao, maji yao na njia yao, na wa kigeni asiingie. Hata yule shangazi yenu mwenye mdomo angeelewa."

Bwana mifugo akatoa kalamu akaandika mkononi mwake. Nami nikatikisa kichwa kama mtu aliyejua siku zote.

Majibu yakaja. Kuku walikuwa na mdondo, ule ule tunaoujua, unaopinda shingo na kumaliza kuku wa kijiji kizima kila kiangazi. Haukuwa ule wa redioni. Mama alikuwa na homa ya mapafu, na daktari alisema mapafu yenyewe yamechoka kwa vumbi la kinyesi la miaka mingi. Alituita wote wawili, akazungumza polepole.

"Bibi, safari hii umepona. Ukirudi kulala chini ya kuku, safari ijayo siwezi kukuahidi kitu. Na ule ugonjwa mwingine ukifika siku moja, utaanzia kwenye nyumba kama yako."

Niliposikia nikamgeukia mama. Nilikuwa nimejiandaa kupiga magoti, nakuambia. Nilijua jibu lake ni lile la chumvi na yai, na nilijua akirudi darini kwake nitamzika kabla ya masika. Nikasema, "Mama, nakujengea banda, mbali na nyumba. Hao waliobaki watolewe leo."

"Watolewe waende wapi?"

"Wachinjwe, wachomwe, wafukiwe. Nyumba ikae tupu, isafishwe."

"Sawa," akasema.

Nilishangaa? Sikushangaa. Kama niliteleza, nilikuwa nimekaa vibaya tu kwenye kiti.

"Sawa," akarudia, "lakini kuku ni wangu. Nunua."

"Nitanunua, mama. Wazima nitanunua wote." Nikataja bei, ile ya mlangoni ninayowapa watu wa Maretadu.

Mama alikohoa kidogo, akapangusa mdomo. "Hiyo ni bei unayonunulia. Unauza Arusha bei gani?"

Daktari akaanza kupanga karatasi zake ambazo zilikuwa zimepangika.

"Elfu nne na mia tano tetea," mama akasema. "Jogoo elfu sita. Nimemuuliza nesi, dada yake yuko Arusha, anawanunua. Na utalipa na waliokufa."

"Waliokufa! Mama, mtu ananunuaje mzoga? Kwani niliwaua mimi?"

"Wale watano wenye miguu ya njano uliowashusha kwangu, waliobaki mnadani. Walikuwa wa nani?"

"Wangu."

"Walianza kuanguka wa nani?"

Nilitazama dirishani. Kule nje pikapu yangu ilikuwa imesimama juani, nzi wameifunika nyuma mpaka ikawa nyeusi.

"Ulileta uchafu nyumbani mwa mtu," mama akasema, bila kupandisha sauti. "Kuku wangu walikuwa hawaumwi."

"Mama, si mbele ya daktari."

"Daktari ndiye shahidi."

Nilijaribu kupunguza. Mimi ambaye nimewanyamazisha wachuuzi wa minada yote kuanzia Katesh mpaka Babati, nilisema vifaranga wasihesabiwe. Akasema kifaranga angekuwa tetea kufikia Krismasi, lakini kwa kuwa mimi ni mwanawe atapokea mia tano kila mmoja. Nilisema basi yule bata hakuwa wake. Akakubali kwamba bata hakuwa wake, bata alikuwa wa Mungu. "Lakini nilimnyonyoa nusu," akasema, "na mikono inauma. Nipe mia tatu ya kazi."

Daktari alitoka nje akiwa ameziba mdomo kwa mkono, na safari hii hakuwa anaogopa ugonjwa.

Tulichoma, tukafukia kila kitu kwenye shimo refu kuliko mimi, waliochinjwa na waliokufa, pamoja na gunia la kitandani na fito za dari. Harufu ya yale manyoya yakiungua ilikaa kwenye nywele zangu, na hata leo nikipita mahali wanapochoma kuku barabarani nafunga dirisha. Banda lilijengwa, likakaa tupu miezi aliyoitaja mama mwenyewe, bila mgeni kukanyaga. Matenga yangu naosha kwa dawa kila mnada na ninanuka hospitali, watu wanacheka, wacheke. Mama alipoona wakati umetimia alinunua vifaranga vipya. Hakununua kwangu. Alisema hajui kuku wangu wamepita wapi.

Lakini siku ile pale hospitali nilihesabu noti juu ya kitanda chake, naye akazihesabu tena baada yangu, akilowesha kidole. Matetea ishirini na watatu, majogoo wanne, vifaranga kumi na wanne, na bata aliyenyonyolewa nusu: shilingi laki moja na thelathini na nne elfu na mia nane.